Haki ya Njia, Baharini na Angani

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Mombasa na Unguja, Maskati na Sur, Leicester na Toronto, na sisi tulioletwa na riziki hapa Texas. Katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za nasaba, za majahazi ya wazee wetu, za nyumba zilizouzwa na makaburi ambayo hayajulikani tena yalipo. Leo naandika juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza kwa simu, nami nimeona ni heri nilijibu mara moja kwa maandishi. Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 18, anajifunza kurusha ndege ndogo huku Dallas na Fort Worth, na mimi ndiye niliyeombwa kutoa kauli ya mwisho, nami nimeridhia. Mnastahili kujua niliridhia kwa hoja gani.

Mjadala ulianzia Nairobi. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria ya Safarilink aina ya Dash 8 iliruka kutoka uwanja wa Wilson kwenda Diani ikiwa na watu 44. Juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi iligongana na ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172. Ile kubwa ilirejea Wilson ikatua salama. Katika ile ndogo walikuwamo mwalimu na mwanafunzi wake, na wote wawili walifariki. Habari hiyo ilienea katika simu zetu siku ile ile, kwa sababu Diani ni kwetu Pwani na wengi wetu tumeipita njia hiyo. Hata waliokuwa hawajui jina la ndege yoyote wakajua kwamba Cessna 172 ndiyo aina ambayo binti yetu alikuwa ameomba kujifunzia.

Baba yake, ambaye ni mwanangu wa pili, hakutaka kusikia tena neno la ndege nyumbani mwake. Shangazi zake wa Mombasa walituma dua na makatazo kwa pamoja. Mama yake alinyamaza, na binti mwenyewe alisema maneno machache tu kwa adabu: "Babu, nitafuata utakalosema, lakini naomba usiseme kabla hujajua." Mwanangu naye akaniambia, "Baba, wewe ndiye mkubwa wetu. Ukisema asiruke, hataruka. Ukisema aruke, mimi nitanyamaza."

Wale wasiojua undani wa ukoo huenda wakadhani hofu hiyo ni ya ndege peke yake. Hofu yetu ina mizizi ya zamani zaidi. Babu yangu mzaa baba alikuwa nakhodha, na ndugu yake mdogo naye alikuwa nakhodha. Ndugu huyo hakurudi. Jahazi lake liligongwa usiku na meli ya moshi katika bahari wazi, nje ya Lamu, na waliookolewa walikuwa mabaharia wawili. Hao wawili walieleza kwamba taa ya jahazi ilikuwa inawaka, na kwamba nakhodha aliiona meli kwa muda mrefu. Hakugeuza usukani kwa kuwa alijua kanuni: katika bahari wazi, chombo cha moshi humpisha chombo cha tanga. Bibi yangu alikuwa akilimaliza simulizi hilo kwa sentensi moja kila mara: "Alikuwa na haki ya njia, na haki ikazama pamoja naye." Mwanangu amekua akiisikia sentensi hiyo. Kwa hivyo alipokataa, alikuwa anakataa kwa ulimi wa bibi yangu.

Mimi ni karani mstaafu. Karani hatoi kauli juu ya jalada ambalo hajalisoma. Nikaomba nipewe muda, nikazisoma kanuni za anga za Marekani ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa pembeni, na nikaenda mara kadhaa kukaa nje ya uzio wa viwanja vidogo, nikiwa na redio ya mkononi ya kusikilizia mazungumzo ya marubani.

Jambo la kwanza lililonituliza lilitoka katika lugha yetu wenyewe. Neno rubani tumelipata kutoka Kiarabu, na kabla ya kuwapo ndege alikuwa ni mtu wa kuongoza chombo cha baharini. Neno mwalimu nalo linatokana na muallim, na katika Bahari ya Hindi muallim alikuwa ndiye bingwa wa nyota na njia, aliyejua chombo kiko wapi na kielekee wapi. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari mwishoni mwa karne ya 15, alijulikana kwa cheo hicho. Mjukuu wangu anapokwenda kwa mwalimu wa urubani, anakwenda na maneno mawili ambayo wazee wake waliyatumia sitahani.

Undugu huo haukuishia katika maneno. Ndege, kama meli, huwasha taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Vyombo viwili vikikabiliana uso kwa uso, kila kimoja hugeukia kulia. Njia zikikatana angani, aliye kulia kwako ana haki nawe umpishe, kama zilivyo kanuni za meli za mashine. Anga imerithi kanuni nyingi za bahari, kwa hiyo sikuwa mgeni kabisa.

Sasa niwaeleze hali ya huku. Uwanja mkubwa wa Dallas Fort Worth, uliofunguliwa kwa safari za abiria Januari 1974, umezungukwa na anga inayodhibitiwa ambayo imepangwa kama sinia juu ya sinia, ndogo chini na kubwa juu. Houston ina mpango wa namna hiyo hiyo kwa viwanja vyake viwili vikubwa. Hakuna anayeingia ndani ya sinia hizo bila ruhusa ya waongozaji. Ndege ndogo nyingi basi hupita chini yake, zikibanwa baina ya ardhi na sinia, na hapo ndipo vilipo viwanja vyao. Addison, Arlington, Grand Prairie na Meacham vina minara ya waongozaji. Lancaster, kusini mwa Dallas, hauna mnara. Pearland, kusini mwa Houston, hauna mnara pia. Katika viwanja kama hivyo hakuna mtu wa kukuambia "tua" wala "ngoja". Marubani wenyewe hupeana zamu.

Wanawezaje? Kwa mzunguko ambao wote wanaujua. Ndege hupaa ikiukabili upepo, hukata kushoto, kisha hukata kushoto tena na kwenda sambamba na njia ya kutulia, upepo ukiwa wa tezi. Baada ya kuipita ncha ya njia hukata kushoto mara ya tatu huku ikishuka, na mara ya nne ikaikabili njia na kutua. Mizunguko yote ni ya kushoto isipokuwa pale uwanja ulipotangaza kinyume. Kimo kinachopendekezwa ni futi 1,000 juu ya ardhi. Mgeni hashauriwi kushuka katikati ya wenzake kutoka juu. Huingia kwa pembe ya nusu mraba, akilenga katikati ya ule upande wa upepo wa tezi, akiwa tayari katika kimo chao. Faida yake ni moja: kila mtu anajua pa kumtafutia mwenziwe.

Lakini kutafuta kwa macho kuna mipaka, na mipaka hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ndege mbili ndogo zikikabiliana, kila moja ikienda maili 90 za baharini kwa saa, hukaribiana maili moja kwa kila sekunde 20. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, inakadiria kwamba tangu jicho lianze kuona chombo hadi ndege ianze kugeuka hupita sekunde 12 na nusu. Hesabu hiyo haiachi nafasi ya kuangalia simu wala kutafuta kalamu.

Tena jicho huvutwa na kitu kinachosogea. Ndege utakayogongana nayo haisogei katika kioo chako. Hukaa mahali pamoja, ikikua kidogo kidogo, na mwishoni hukua ghafla. Manakhodha wanalijua hili vizuri: chombo kinachobaki katika pembe ile ile huku kikikaribia ndicho cha kuogopwa. Na ndege zenyewe zina upofu wao. Cessna ina mabawa juu ya kichwa cha rubani, kwa hiyo huficha yaliyo juu, na inapolala kukata kona bawa lake huziba upande ule inakoelekea. Ndege zenye mabawa chini huficha yaliyo chini. Ya mabawa ya chini ikiwa juu, na ya mabawa ya juu ikiwa chini yake, zinaweza kushuka pamoja kuielekea njia moja bila yeyote kumwona mwenziwe.

Kwa sababu hiyo wanasaidiana kwa redio. Sheria ya Marekani haimlazimishi kila rubani kuwa na redio katika uwanja usio na mnara, ila wengi wanayo. Viwanja kadhaa hushiriki masafa mamoja, kwa hiyo rubani hutaja jina la uwanja mwanzoni mwa kauli yake na hulirudia mwishoni. Katikati husema yeye ni nani, yuko wapi, kimo gani, na ana nia gani. Nilipendezwa sana na katazo moja la FAA. Baadhi ya marubani walikuwa na mazoea ya kukaribia uwanja na kuuliza, "Kuna yeyote hapo? Tujulisheni." Mwongozo rasmi unasema kauli hiyo isitumike kamwe. Swali kama hilo huwafanya watu watano wajibu kwa pamoja, sauti zigongane, na asisikike hata mmoja. Unatakiwa usikilize kwanza, kisha useme wewe uko wapi.

Niliposoma hapo nilitabasamu, nikalikumbuka kundi letu la simu, ambamo kila Ijumaa mtu huuliza, "Jamani, mko?" na watu 140 hunyamaza. Laiti kila mmoja angesema tu alipo.

Sikutaka kumdanganya mwanangu kwamba kusema kunatosha. Tarehe 18 Agosti 2022, katika uwanja usio na mnara wa Watsonville, California, Cessna 152 ilikuwa ikizunguka kwa utaratibu. Ndege kubwa zaidi, Cessna 340, ikaja moja kwa moja kutoka mbali kwa mwendo mkali mno. Wote wawili walikuwa wakitangaza walipo katika redio. Zikagongana karibu na njia, wakafa watu watatu. Hapa hapa Dallas, tarehe 12 Novemba 2022, katika maonesho ya ndege za vita vya zamani kwenye uwanja wa Dallas Executive, B-17 na P-63 ziligongana mbele ya umati na watu sita wakapoteza maisha. Ule haukuwa mzunguko wa kawaida, lakini Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilibaini kwamba hapakuwa na mpango uliowekwa mapema wa kuzitenganisha ndege. Walitegemea maelekezo ya papo hapo na macho ya marubani. Na Houston, tarehe 24 Oktoba 2023, katika uwanja wa Hobby wenye mnara na waongozaji, jeti ndogo iliruka bila ruhusa ikagongana na nyingine iliyokuwa inatua kwenye njia inayokatana na yake. Hakuumia mtu, kwa rehema za Mungu.

Nikiyaweka matukio hayo pamoja, naona kwamba hakuna kinga moja iliyo kamili. Mnara unaweza kutotiiwa, redio inaweza kusikika na isizuie kitu, na jicho lina upofu wake. Tangu tarehe 1 Januari 2020, ndege nyingi zinazopita ndani ya maili 30 za baharini za viwanja vikubwa kama vya Dallas na Houston zinalazimika kuwa na chombo kinachotangaza mahali, kimo na mwendo wao karibu kila sekunde, na rubani mwenye kioo cha kupokelea huziona jirani zake humo. Hata chombo hicho hakioneshi ndege zisizokuwa nacho. Kinga hizi huwekwa moja juu ya nyingine, kama fundi anavyopaka kalafati juu ya kalafati katika ubavu wa jahazi, kwa kuwa anajua kila tabaka lina tundu lake.

Ndipo nikafika kwenye kifungu kilichonirejesha kwa bibi yangu. Sheria inasema ndege inayotua ina haki mbele ya zilizo angani na zilizo ardhini, na kama ndege mbili zinakaribia kutua, iliyo chini zaidi ndiyo yenye haki. Kisha inaongeza kwamba rubani asiitumie kanuni hiyo kujipenyeza mbele ya mwenziwe. Na kifungu kingine kinamwagiza kila rubani, mwenye haki na asiye na haki, awe macho ili aone na aepuke. Nilikisoma mara tatu. Walioandika sheria hiyo walijua alichokijua bibi. Haki ya njia inatoa zamu, ila haigeuzi usukani wa mtu ambaye hajakuona.

Nikamwandikia mwanangu barua kwa mkono, kwa sababu neno zito halifai kutumwa kwa kidole kimoja. Nikamwambia kwamba ami yetu hakufa kwa kuwa bahari ilikuwa haramu kwake, na kwamba babu yangu aliendelea kusafiri miaka 20 baada ya msiba ule, akimpisha kila mtu. Nikaridhia binti ajifunze, kwa masharti matatu. La kwanza, mwalimu wake awe mtu asiyeona aibu kuahirisha safari. La pili, kila atakaposikia ndege asiyoiona, aache kutua, ajitenge, na atafute upya, hata kama zamu ni yake, na hata kama wenziwe watamcheka. La tatu, kila atakapotua atume ujumbe kwa mama yake wenye jina la uwanja. Mwanangu alinyamaza siku nne. Siku ya tano akajibu kwa neno moja: "Sawa."

Miezi kadhaa baadaye, binti na mwalimu wake walisafiri kutoka Dallas hadi Pearland, ambako ni karibu na nyumba ya binti yangu mkubwa. Tulikaa nje ya uzio na chupa ya kahawa na redio yangu. Tuliisikia sauti yake kabla hatujaiona ndege. Alitaja Pearland, akasema alipo na kimo chake, akataja Pearland tena. Alipofika upande wa upepo wa tezi, sauti nyingine ikasema inakuja moja kwa moja, maili tatu kutoka njia. Binti akasema hajaiona, na kwamba anaendelea mbele bila kukata kona. Akaenda, akaenda, hadi nikadhani amebadili nia ya kutua. Baadaye tukaiona ndege nyeupe ikipita chini yake, rangi yake ikipotea juu ya mapaa ya nyumba. Akasema, "Nimekuona," akakata kona, akatua nyuma yake kwa nafasi pana. Hapakutokea kitu. Shangazi yake, aliyekuwa akimimina kahawa, hakujua hata kwamba kulikuwa na jambo la kutokea.

Nimelifikiria hilo sana. Kwa miaka 31 nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa vyombo, Bandari ya Kale ya Mombasa. Daftari langu lilikuwa na safu za jina la chombo, nakhodha, alikotoka, shehena, na siku ya kufika. Kurasa kwa kurasa, walifika. Katika simulizi za ukoo, lakini, tumehifadhi jahazi moja lililozama, na mamia ya safari zilizoingia bandarini hatuzijui hata kwa jina. Kila moja ya safari hizo ilikuwa na mtu aliyetazama, aliyepaza sauti gizani, na aliyempisha mwingine ilhali zamu ilikuwa yake. Watu hao hawakuacha kisa, kwa sababu walifanya kazi yao.

Jioni ile binti alinionesha daftari lake la safari. Nililisoma kama nilivyozoea, kwa kidole, safu kwa safu: tarehe, aina ya ndege, alikotoka, alikofika, saa alizoruka, idadi ya kutua. Katika safu ya maelezo mwalimu hakuandika chochote.

Basi nina ombi kwenu. Majina ya waliozama tunayo. Mwenye karatasi ya zamani, pasi ya chombo, hati ya shehena, au kumbukumbu ya mzee yeyote juu ya jahazi la ukoo wetu lililofika salama, na liwe limefika na tende na chumvi tu, aniletee jina lake, la nakhodha, na mwaka. Nimekwisha kupiga mistari ya daftari jipya, na safari ya Pearland nimeiandika ya kwanza.

Wassalaam.